Salfa Katika Chakula Chetu, na Funzo la Muhogo

Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa ukoo, Dubai Investments Park



Awali ya yote, nawashukuru wanakamati kwa kunipa heshima ya kuzungumza nanyi alasiri hii. Waliniomba nizungumze juu ya afya, nikakubali kwa sharti kwamba nitachagua mwenyewe kipengele nitakachokieleza. Mimi si tabibu. Nilikuwa bwana shamba, nikaitumikia serikali ya nchi yangu miaka 32 katika mikoa ya kusini ya Tanzania, nikastaafu kwa hiari mwaka 2012, nilipotimiza miaka 55, kisha nikawafuata wanangu huku Ughaibuni. Kwa hiyo nitakayoyasema ni maneno ya mtu aliyeshughulika na chakula kikiwa bado shambani, na ambaye alichelewa sana kujifunza yanayotendeka kikishafika tumboni. Nimechagua kuzungumza juu ya salfa. Mwishoni mtaona kwa nini, maana ninalo deni ambalo limenikaa kifuani miaka mingi, na leo nataka kulilipa mbele yenu.

Ndugu zangu, salfa si mgeni kwetu. Wazee waliomo humu wanakumbuka kiberiti upele, ule unga wa manjano ambao bibi zetu waliuchanganya na mafuta ya nazi wakatupaka tulipopata upele. Ulinuka, uliwasha, na upele ulipona; hata leo marhamu ya salfa ni dawa inayotambulika ya ugonjwa huo. Waliolima mikorosho wanaijua salfa ya pili: vumbi linalopulizwa kwa mashine kwenye maua ya mikorosho, alfajiri kabla ya upepo kuamka, ili kuzuia ubwiriunga. Na sisi tunaoishi katika nchi hii tunaweza kuiona salfa ya tatu. Gesi inayochimbwa Shah, katika jangwa la Abu Dhabi, imechanganyika na salfa nyingi ambayo sharti itenganishwe kabla gesi haijatumika. Reli ya kwanza ya mizigo ya nchi hii, ile ya Etihad Rail, ilijengwa hasa kwa ajili ya kuibeba salfa hiyo kutoka Shah na Habshan hadi bandari ya Ruwais, na ilianza kazi rasmi mwaka 2016. Kutoka huko husafirishwa ng'ambo, na sehemu kubwa hutumika kutengenezea mbolea.

Lakini salfa ninayotaka kuwaelezeni leo ni ya nne. Hii haionekani kwa macho, wala hainunuliwi kwa gunia. Imo ndani ya miili yetu. Mtu mzima mwenye kilo 70 ana takribani gramu 140 za salfa mwilini mwake. Mkitaka ushahidi, unguzeni unywele mmoja, nanyi mtasikia harufu yake. Ni jamaa ya harufu ya yai lililooza. Nywele, kucha na ngozi zimejengwa kwa protini ambayo nyuzi zake hushikamanishwa na salfa, kama vile boriti zinavyoshikamanishwa kwa misumari. Insulini, ambayo wengi wetu humu tunaifahamu kwa sababu ya kisukari, nayo ina vifungo vitatu vya salfa vinavyoishikilia katika umbo lake. Vikikatika, haifanyi kazi. Vitamini B1 na biotini zina salfa ndani yake. Tena ini letu hutengeneza kitu kiitwacho glutathioni, chenye salfa, ambacho ni askari wa kulinda chembechembe za mwili dhidi ya sumu.

Je, salfa hii hutoka wapi? Hapa ndipo wengi hukosea. Mwili wa binadamu hauwezi kuchukua salfa ya manjano, ile ya mikorosho, na kuigeuza kuwa nyama na nywele. Huipata kutoka katika protini ya chakula, hasa katika vijenzi viwili vya protini viitwavyo methionini na sisteini. Methionini hatuwezi kuitengeneza wenyewe, ni lazima tuile. Sisteini mwili huweza kuitengeneza, lakini huifinyanga kutokana na hiyo methionini. Ikikosekana ya kwanza, na ya pili hupungua.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia afya na chakula yalitoa makisio yao mwaka 2007: mtu mzima anahitaji miligramu 15 za vijenzi hivyo viwili kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mtu mwenye kilo 60 anahitaji basi miligramu 900. Yai moja la kuku humpa takribani theluthi ya kiasi hicho. Samaki, nyama, maziwa na dagaa vinazo kwa wingi. Ufuta wetu wa kusini ni hodari sana kwa methionini. Mahindi nayo yanazo kwa kiasi kizuri, ila yamepungukiwa na kijenzi kingine kiitwacho lisini. Maharage yana lisini tele, ila methionini yake ni kidogo. Kwa hiyo makande, chakula tulichokionea aibu tulipokuwa wanafunzi wa bweni, ni ndoa ya hekima kuliko ndoa nyingi nilizohudhuria: kila mmoja humkamilisha mwenziwe palipopungua.

Sasa niwapeleke kwenye muhogo.

Ndugu zangu, sisi ni watoto wa muhogo. Ulituokoa katika njaa ambazo mahindi yalikauka shambani. Sitamruhusu mtu autukane mbele yangu. Lakini muhogo una mambo mawili ambayo ni lazima tuyajue. Jambo la kwanza, protini yake ni ndogo mno: gramu 1 hadi 2 tu katika gramu 100 za muhogo mbichi. Jambo la pili, una sumu. Ndani ya mizizi yake mna kitu kiitwacho linamarini, na muhogo unapokatwa au kupondwa kitu hicho huvunjika na kutoa sianidi. Muhogo mtamu una kidogo. Muhogo mchungu una nyingi. Na wakati wa ukame kiasi huongezeka. Wakulima huupenda ule mchungu kwa sababu nguruwe, panya na wezi huuogopa. Wazee wetu walijua jinsi ya kuutia adabu: kuumenya, kuuvundika au kuuloweka siku kadhaa, kuuanika mpaka ukauke barabara.

Mwili nao umepewa njia ya kujitetea. Sianidi kidogo ikiingia, mwili huifunga pamoja na salfa, ikageuka kuwa kitu chenye madhara madogo zaidi, kikatoka kwa mkojo. Angalieni hesabu hiyo: kila kipande cha sumu hudai kipande cha salfa. Anayekula muhogo kwa samaki, kwa maharage au kwa karanga, ana akiba ya kulipia. Anayekula muhogo mtupu asubuhi na jioni, tena muhogo ambao haukuandaliwa vizuri, anadaiwa kila siku bila ya kuwa na kipato. Hazina hukauka.

Na ikikauka, upo ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1938, kutoka huko Kwango. Mtu hulala mzima, na huamka miguu yote miwili imekakamaa. Hauui, wala hauzidi, lakini hauponi. Akili hubaki timamu. Huwapata hasa watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika Jimbo la Nampula, nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma kutoka kwetu. Mwaka 1985 ukazuka Tarime, katika Mkoa wa Mara. Mwaka 1988 watu walipatwa na sumu ya muhogo huko Masasi, na wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, akiwamo Dakta Nicholas Mlingi, wakafika kuchunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ikaonekana katika Mkoa wa Mtwara na katika Wilaya ya Mbinga.

Huko Bandundu, Kongo, watafiti waligundua jambo la kusikitisha. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika, wafanyabiashara walikuja na malori kuutafuta muhogo, na akina mama, wakitaka kuuza upesi, wakapunguza siku za kuuloweka. Ugonjwa ukaingia kwa njia ya barabara ile ile iliyoleta fedha. Kwetu kusini haikuwa barabara, ilikuwa njaa. Mtu mwenye watoto wanaolia hawezi kungoja makopa yakauke kwa majuma mawili. Huuponda muhogo ungali mbichi, huuanika siku moja au mbili, huuponda tena, na jioni ugali uko mezani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa nimefika kwenye deni langu.

Mwaka 2002 nilikuwa mtumishi katika wilaya moja ya Mkoa wa Mtwara. Kulikuwa na ukame. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuandika taarifa ya hali ya chakula. Nilipita vijijini, nikahesabu ekari za muhogo, nikafika hadi kwa dada yangu. Alinipikia ugali wa muhogo mweupe kwa mboga ya majani. Samaki hakuwapo, maharage hayakuwapo, na fedha za korosho zilikuwa zimekwisha zamani. Niliona watoto wakishika vichwa baada ya kula, mmoja akatapika. Dada yangu akasema, "Kaka, muhogo huu unalevya." Nikamjibu kwamba wakapumzike, wamechoka kwa jua. Nikarudi ofisini na kuandika kwa mkono wangu mwenyewe: Hali ya chakula ni ya kuridhisha, muhogo upo wa kutosha. Hakuna aliyenituma kuandika hivyo. Nilihesabu tani, sikuhesabu kilichokuwamo ndani ya sahani.

Haukupita mwezi, binti yake, mwenye umri wa miaka tisa, aliamka asubuhi akashindwa kusimama.

Yaliyofuata mnayajua, maana yalisemwa katika ukoo huu huu. Ilisemwa kuwa mtoto amelogwa. Kisha ikasemwa kuwa dada yangu ndiye aliyemtoa mtoto wake ili apate mali, ingawa mali hiyo hakuna aliyeiona. Shemeji zetu wakajitenga. Tulipokutana kuzungumza jambo hilo, mimi niliketi mbele, na kwa mila yetu mjomba ndiye mwenye dhamana ya watoto wa dada yake. Ilikuwa haki yangu kusema, na wajibu wangu. Wakati huo daktari alikuwa amekwisha kunieleza ugonjwa ule ni nini na umetokana na nini. Nikanyamaza, kwa sababu kusema kweli kungenilazimu kuitaja taarifa yangu. Dada yangu alifariki mwaka 2016 akiwa na jina hilo la uchawi mgongoni.

Leo, mbele ya wazee na mbele ya watoto, nasema: dada yangu hakumloga mtu. Aliwalisha wanawe chakula pekee alichokuwa nacho, akakiandaa upesi kwa sababu walikuwa na njaa. Kilichomkakamaza mtoto ni sumu ya muhogo katika mwili uliokosa salfa ya kuilipia, na aliyekuwa na elimu ya kutambua hatari hiyo, au angalau ya kuuliza, nilikuwa mimi. Naomba maneno haya yachapwe katika kijitabu chetu kama nilivyoyasema, ili mjukuu yeyote atakayesikia uvumi ule awe na mahali pa kusoma kweli. Naomba radhi kwa ukoo, na naomba radhi kwa marehemu.

Binti huyo leo ni mama wa watoto wawili. Anatembea kwa fimbo, na ni fundi wa nguo. Kwa kuwa miguu haiwezi kukanyaga, anatumia cherehani ya mkono. Baadhi ya mashati mnayoyaona humu ndani ya ukumbi ameyashona yeye. Nilipompigia simu kumwomba idhini ya kulisema jambo hili, aliniambia, "Mjomba, sema. Lakini usiishie kulia, waambie na la kufanya." Basi namtii.

La kwanza ni njia rahisi ya kuusafisha unga wa muhogo, iliyotokana na kazi ya Dakta Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Tia unga katika beseni, usawazishe, weka alama ubavuni pale unga ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka. Endelea kutia maji mpaka urudi kwenye alama ile. Utandaze unga huo wenye unyevu juu ya mkeka au jamvi safi, unene wake usizidi sentimita moja. Uache juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano, ili sianidi iondoke na hewa. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Katika kijiji kimoja cha Popokabaka, Kongo, akina mama walifundishwa njia hii kuanzia mwaka 2010, na katika muda wote wa mradi huo hakutokea mgonjwa mpya wa konzo. Haihitaji mashine wala mtaji. Njia hii haiondoi haja ya kumenya, kuloweka na kuanika. Inaongezwa juu ya hayo. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri na kuchemshwa barabara.

La pili linauhusu mfuko wetu wa kusaidiana. Tumezoea, kukitokea njaa nyumbani, kutuma fedha za magunia ya unga. Unga hujaza tumbo, na picha ya magunia hupendeza. Napendekeza kwamba katika kila msaada wa chakula sehemu moja iwe ni dagaa wakavu, maharage, kunde, karanga au ufuta. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kiganja kimoja katika sufuria ya watoto kina thamani kuliko kilo nyingine ya unga.

La tatu ni kwenu vijana mnaofanya kazi katika viwanda na maghala yanayotuzunguka hapa, na mnaolala katika nyumba za wafanyakazi. Najua baadhi yenu mnakula wali na chai ili mtume mshahara wote nyumbani. Moyo huo Mungu aulipe. Lakini yai, dengu na samaki wa kopo si anasa. Mtu anayejinyima protini kwa miaka mingi hurudi kwao na fedha na mwili uliochakaa.

La nne, msidanganyike na vidonge. Hakuna kiwango cha salfa peke yake ambacho mtu mzima anayekula vizuri hulazimika kukifikia kwa kidonge. Na ile salfa ya mikorosho isilambwe na mtu eti inasafisha damu. Hiyo ni dawa ya mmea. Kitunguu thaumu ni kizuri, na harufu yake hutokana na salfa inayotoka kinapopondwa, lakini hakichukui nafasi ya dawa ya daktari.

La tano, tusichanganye majina. Baadhi yetu tulidhurika kwa dawa za jamii ya salfa, mathalani Septrin, au Fansidar tuliyotibiwa nayo malaria. Hilo ni jambo zito, na mweleze daktari daima. Lakini haimaanishi kwamba uogope mayai au vitunguu. Ni vitu tofauti kabisa. Mwenye pumu yeye aangalie matunda yaliyokaushwa, kama aprikoti zinazong'aa rangi ya chungwa, kwani huhifadhiwa kwa salfaiti, zinazoandikwa kwenye pakiti kwa namba kuanzia E220, nazo huweza kuwaamshia pumu baadhi ya wagonjwa.

Ndugu zangu, mwaka 1975, nikiwa kijana wa miaka 18, redio yetu iliendesha kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai. Baba yangu alikuwa akiketi na wenzake chini ya mkorosho kusikiliza, kisha wakijadiliana mpaka giza liingie. Mimi niliona ni mazungumzo ya wazee wasiosoma. Nikaenda kusoma, nikapata cheti, nikapata ofisi, na nikaja kuona kwamba wale wazee walikuwa wakiuliza swali ambalo mimi sikuliuliza: watoto wamekula nini, na kwa mboga gani?

Nawaombeni mkipiga simu nyumbani, msiulize tu, "Chakula kipo?" Watajibu kipo, maana ndivyo adabu ilivyo. Ulizeni, "Jana mlikula kwa mboga gani?" Jibu la swali hilo ndilo taarifa ya hali ya chakula.

Mwenyezi Mungu amrehemu dada yangu, awape afya wanawe na wajukuu zake, na atukutanishe tena.